Waliogonga Geti

Jumatatu, 21 Januari 2008

Chai bila maziwa tena. Duka la hapa Gatina limefunguliwa nusu mlango, na mwenye duka anachungulia kama mtu aliyeiba bidhaa zake mwenyewe. Nikanunua mkate na gazeti. Barua yangu haikuchapishwa. Ya sita tangu uchaguzi. Wahariri wameanza kuogopa hata nukta.

Ofisini saa mbili. Kiwanda kinanuka biskuti, nchi inanuka matairi. Mkurugenzi aliniita kabla sijavua koti. Anataka semina ya wakuu, yeye na mameneja wake kumi na mmoja, siku mbili, nje ya mji. "Tukatulie," alisema. "Tujenge umoja." Lini? Ijumaa ya wiki ijayo. Barabara zimezibwa kwa mawe na huyu anataka ziwa, viboko na nyama choma.

Miaka kumi na minne mimi ni katibu muhtasi wake. Najua kusema ndiyo huku uso ukisema upuuzi.

Jumanne, 22 Januari

Hoteli ya ziwani, Naivasha, imepatikana kwa simu moja. Mpokezi alikaribia kuimba. "Madam, kujeni tu, rooms ziko zote. Hata kila mtu akitaka mbili."

Mkurugenzi amekataa mbili. Anataka wawili wawili katika chumba kimoja, ndio umoja huo. Baadaye Bi. Rose, meneja wa wafanyakazi, akaja kuinama mezani kwangu kwa sauti ya kanisani. Nipange vyumba kwa busara. Niweke wanaoelewana.

"Wanaoelewana kwa nini?" nikamuuliza. "Kwa kukoroma?"

Hakucheka. Nimewapanga kwa herufi za majina. A na B, C na D. Atakayeogopa kulala na herufi jirani alale na viboko.

Mimi ni Mkamba wa Machakos. Mwezi huu upande mmoja wa uchaguzi unaniita msaliti na mwingine unasema nimenunuliwa. Nimezoea. Nilikuwa nikiitwa hivyo hata nyakati za amani.

Jumatano, 23 Januari

Leo nimefanya jambo baya.

Rose ameleta karatasi za kuchapwa kwa mafaili ya semina. Kumbe umoja una ajenda. Ijumaa alasiri wakuu watapitisha orodha: "Wafanyakazi waliotoroka kazi." Watu arobaini na watatu. Hawakupiga kadi ya mahudhurio siku saba: tarehe 31 Desemba, tarehe 2 mpaka 4 Januari, kisha siku tatu za maandamano, 16 mpaka 18. Wafutwe bila malipo ya notisi. Barua zitoke Jumatatu.

Nilichapa majina kumi na mawili kabla ya kusoma safu ya makazi. Kibera. Kibera. Kawangware. Kibera. Kawangware. Kibera. Nilifika jina la kumi na tisa: Achieng, mashine ya kufunga pakiti, Kibera.

Achieng ni rafiki yangu. Kila Ijumaa tunakula pamoja nyuma ya stoo, yeye omena, mimi muthokoi, na tunagombana siasa mpaka kengele. Alinisimamia mazishi ya mume wangu.

Nililichapa jina lake. Vidole havikusimama. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Na hili pia. Siku hizo saba mimi sikufika. Nilijifungia nyumbani nikiwaandikia wahariri barua kuhusu ujasiri. Lakini sisi wa ofisini hatupigi kadi. Orodha haikuniona.

Ijumaa, 25 Januari

Nimemwambia Achieng. Ni siri ya kampuni. Nimeitoa, na ningeitoa tena.

Nilidhani atalia. Aliweka bakuli chini, akasimama.

"Kutoroka? Mimi? Ndinda, si nilikuja! Nilifuata reli toka Kibera mpaka hapa, polisi wakirusha hiyo moshi yao. Geti ilikuwa na kufuli kubwa kama kichwa ya bosi. Uliza Musyoka. Aliniandika."

"Alikuandika wapi?"

"Kwa kitabu yake. Kwani wewe hujui huyo mzee? Huyo hata paka akipita anaandika."

Jioni wakati wa kutoka nikasimama kwenye kibanda cha geti. Musyoka ni soja wetu, mzee wa Kitui, amelinda geti hilo kabla sijaajiriwa. Akanifungulia kitabu bila swali. Herufi kubwa zote, zimesimama kama askari kwenye gwaride.

Hesabu yangu ya ujasiri iliishia hapo. Nanakili:

31 DESEMBA. SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI. MKURUGENZI AMEPIGA SIMU. FUNGA GETI, USIFUNGULIE MTU.

SAA MOJA NA DAKIKA KUMI. ACHIENG. AMEKUJA NA MIGUU. AMEGONGA. AMERUDI.

Kurasa na kurasa. Wametoka Kibera na Kawangware alfajiri, wakapita palipokuwa panawaka, wakafika kazini, wakakuta kufuli ya mwajiri. Na mashine ya kadi iko ukutani, ndani, hatua kumi kutoka getini. Ungeipigaje kadi? Kwa mate?

Nikamuuliza Musyoka kwa nini aliwaandika watu ambao hawakuingia. Aliniangalia kama anayemtazama mtu asiyejua kusoma.

"Madam, hii si kitabu ya wenye wameingia. Ni ya geti. Mtu akifika kwa geti, anaandikwa."

Nimesoma vitabu vingi. Sijakutana na katiba iliyoandikwa vizuri kuliko hiyo.

Jumamosi, 26 Januari

Nusu siku kazini. Nilimwendea Rose mlango wazi, sauti wazi. Nikamwambia kitabu cha geti kinasema wamekuja.

"Kitabu cha soja si rekodi, Ndinda. Rekodi ni kadi."

Kadi ilikuwa ndani, watu wakiwa nje, kwa amri. Akasema hakuwepo siku hizo. Kweli hakuwepo. Hata meneja mmoja hakuwepo. Wote watakaohukumu walikuwa nyumbani, kama mimi.

"Na usiniletee mambo ya Kibera hapa," akamalizia.

Hapa ni wapi? Biskuti hizi zinafungwa na nani?

Jumatatu, 28 Januari

Naivasha imewaka tangu jana. Watu wamechomwa ndani ya nyumba zao. Sitaandika zaidi. Nina maneno kwa kila kitu, kwa hili sina.

Nilipiga simu hoteli mara nane. Mara ya tisa akashika yule mpokezi wa wiki jana, yule wa kuimba. Alinong'ona. "Madam, msikuje." Akakata.

Nilidhani Mkurugenzi ataahirisha. Akasema, "Tafuta pengine. Ijumaa ni Ijumaa." Pwani? Ndege zimejaa wanaokimbia. Hoteli za mjini? Nimepiga kumi na moja. Zimejaa wapatanishi, wasaidizi wao na waandishi wa habari. Nchi nzima imekaa semina.

Nikatumia nafasi. Nikamweleza habari ya kitabu cha geti, na ile simu yake ya saa kumi na mbili asubuhi. Aligeukia dirishani. Anakumbuka. Namjua.

"Ndinda, wewe ni mtu wa maneno mingi," akasema. "Nitafutie mahali pa kulala."

Sawa. Nitamtafutia.

Jumanne, 29 Januari

Mjini moto tena asubuhi. Nikaomba ruhusa ya kutafuta mahali, nikarudi upande wetu.

Riruta kuna nyumba ya mafungo ya masista. Napita nje yake kila Jumapili nikienda kugombana na mahubiri. Ukuta wa mawe, ng'ombe wawili, vyumba kumi na viwili vya kitanda kimoja kimoja. Iko tupu, maana nani anafunga safari ya kiroho wakati huu?

Mkuu wa nyumba ni Sista Bernadeta. Mfupi, gambuti miguuni, alitoka zizini akinipa kiwiko badala ya mkono. Alikubali mara moja, kisha akanipa karatasi ya masharti. Hakuna pombe. Kila mgeni anaosha sahani yake. Na chakula cha mchana huliwa kimya. Msomaji mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakula. Hakuna anayesema wala kuinuka mpaka msomaji afunge kitabu.

Nikamwambia hawa si mapadri, ni mameneja wa biskuti.

"Nyumba haijui tofauti," akajibu. "Mwaka juzi walikuja madaktari. Walinyamaza."

"Na kinasomwa nini?"

"Kitu cha kweli. Msomaji wanamchagua wenyewe."

Nilicheka njia nzima mpaka Gatina. Mara ya kwanza tangu Desemba.

Alasiri Mkurugenzi alitia sahihi masharti bila kuyasoma. Aliuliza moja tu: "Kuna ukuta?" Upo.

Jumatano, 30 Januari

Musyoka amekataa.

Nilimwomba kitabu, kwa siku moja tu. Akakikalia. Kweli, alikiweka kwenye kiti akakalia. "Hii haitoki kwa geti. Ikitoka, mimi ndiye wa arobaini na nne."

Nikamwita mwoga. Mimi, niliyejifungia siku saba.  Mzee aliinuka, akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa 31 Desemba, akakiweka kwenye dirisha la kibanda na kalamu yake juu. Kisha akaenda kufungulia lori la unga.

Basi nimenakili kwa mkono, nimesimama juani, saa nzima ya mapumziko. Wafanyakazi walipita wakiniangalia. Kijana wa stoo akaniuliza, "Niaje madam, umeshushwa cheo ama?" Nikamwambia nimepandishwa.

Nilipomaliza nikamwomba mzee radhi. Alisema "sawa" na kuvuta kitabu chake. Nikachungulia. Alikuwa ameshaandika: MADAM NDINDA AMESIMAMA GETI SAA SABA MPAKA SAA NANE. ANANAKILI.

Hata mimi. Hasa mimi.

Nimeyalinganisha majina na orodha ya Rose. Kati ya arobaini na watatu, arobaini wamo, wengine mara saba, wengine mara tatu. Watatu hawamo kabisa. Nimepekua mara mbili. Hawakufika hata mara moja.

Alhamisi, 31 Januari

Nimeandika hotuba. Kurasa kumi na moja. Nzuri. Ina Roma, ina watumwa wa mashamba ya miwa, ina methali nne na tusi moja lililofunikwa vizuri. Nikamsomea Achieng nyuma ya stoo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akalamba kidole.

"Iko moto," akasema. "Lakini hapo mimi niko wapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia yuko katika kila mstari. Akasema amejitafuta, hajajiona. Ameona Roma.

Nimeichana. Iniume. Nitasoma kitabu cha geti, basi.

Halafu lile la watatu. Nilishika kalamu. Ni mistari mitatu tu, mwandiko ni wangu, nani angejua? Mmoja ninamjua kidogo, anakaa chini huku Kawangware. Mtaa wake ulifungwa na vijana wenye mapanga siku zote hizo, hakuna aliyetoka. Ningeweza kumtembeza mpaka getini kwa wino.

Sikuwaongeza. Mzee aliandika wanaofika. Nikiandika uongo mmoja, arobaini wote wanakuwa uongo.

Sijalala vizuri juu ya uamuzi huo, na sidhani nitalala.

Ijumaa, 1 Februari

Asubuhi walijenga umoja. Mtaalamu wa kukodiwa aliwashikisha kamba na kuwafunga macho. Rose alimwangukia meneja wa mauzo. Walipiga makofi.

Saa saba kasorobo Mkurugenzi akaniuliza nani atasoma hicho cha masista. Nikasema mimi nimejitolea. "Asante Ndinda, chagua kifupi." Sista Bernadeta alinikuta mlangoni na daftari. Nilitaka kumficha, nikaona haya. Nikamwambia ni majina ya watu waliogonga mlango wakati wa vurugu.

"Walifunguliwa?"

"Hapana."

Akafikiri. "Basi soma polepole. Lakini usizidi nusu saa, wali wangu utapoa."

Akagonga kengele. Kimya. Wali, maharagwe, kuku mmoja kwa watu sita. Nikafungua daftari.

Thelathini na moja Desemba. Saa kumi na mbili asubuhi. Mkurugenzi amepiga simu. Funga geti, usifungulie mtu.

Kijiko cha Mkurugenzi kilisimama. Akainua uso, akafungua kinywa. Sista, pale pembeni, akaweka kidole midomoni. Mtu aliyezoea watu wakubwa kuliko huyo. Mkurugenzi akafunga kinywa.

Nikaendelea. Saa, jina, amekuja na miguu, amegonga, amerudi. Sikupandisha sauti. Mimi! Sikuongeza hata neno. Amekuja na miguu. Amegonga. Amerudi. Nilipofika siku ya pili ya kitabu wachache waliacha kula. Siku ya nne meneja wa mauzo alikuwa anahesabu kwa vidole. Tarehe kumi na sita Musyoka aliandika: ACHIENG. AMEKUJA NA MIGUU. ANATOKA DAMU GOTI. AMEGONGA. NIMEMPA MAJI KUPITIA CHINI YA GETI. AMERUDI. Juzi niliunakili mstari huo juani bila kuusikia. Hakuniambia habari ya goti. Wiki mbili sasa tunagombana siasa, hakuniambia.

Dakika ishirini na sita. Nikafunga daftari.

Hakuna aliyeinuka, ingawa sasa waliruhusiwa. Kisha Rose akachukua sahani yake, akaenda kwenye karai, akaanza kuosha. Aliisugua sahani hiyo kama ina masizi.

Mkurugenzi aliniambia koridoni, bila kelele, "Umenidhalilisha kwenye meza yangu." Nikamjibu meza ni ya masista.

Jumamosi, 2 Februari

Jana jioni walimtuma dereva getini kutazama kitabu chenyewe. Musyoka hakukitoa. Dereva alilazimika kumpigia meneja wa mauzo na kumsomea kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Kila neno lililingana.

Uamuzi umetoka leo kabla ya chai. Arobaini wameondolewa kwenye orodha. Watalipwa siku zao zote saba. Neno "geti" haliko kwenye kumbukumbu za kikao. Wameandika "hitilafu ya mashine ya kadi." Mashine isiyo na wakili.

Watatu wamebaki. "Hao hata soja wako hakuwaona," Mkurugenzi aliniambia. Alikuwa anangoja niseme kitu.

Nilikuwa na la kusema. Nilitaka kulisema vizuri.

Jumatatu, 4 Februari

Nimeandika barua fupi kuliko zote za maisha yangu.

"Kwa Mkurugenzi. Siku zile saba mimi pia sikufika, na jina langu halimo katika kitabu cha geti. Mkiwafuta watatu kwa sababu hiyo, mimi ni wa nne. Ndinda."

Nakala kwa mameneja wote kumi na mmoja, ambao nao hawamo kitabuni. Hilo sikuliandika. Wanajua kuhesabu.

Jumanne, 5 Februari

Jibu. Nimesimamishwa kazi mwezi mmoja kwa utovu wa nidhamu na kutoa siri. Nisionekane ndani ya kiwanda. Barua za wale watatu zimezuiwa "hadi suala litazamwe upya." Rose ndiye aliyeniletea. Alisimama kidogo.

"Mimi niko kwa herufi gani?" akauliza.

"R. Kule Naivasha ungelala na meneja wa usafirishaji."

"Huyo anakoroma," akasema, akaenda zake.

Alhamisi, 7 Februari

Nimeamka mapema. Nimetoka Gatina kwa miguu, nikashuka mpaka Kibera. Achieng alikuwa ananingoja kando ya reli, akaangalia viatu vyangu vya ofisini na kutikisa kichwa.

"Mwandishi, na hizo utafika lini?"

Nilifika. Tuliongea kidogo. Nilimwuliza habari ya goti, akasema limepona. Wengine walitupita, wengine tuliwapita, watu wengi, kila mmoja na mfuko wake wa chakula. Sikujua kwamba ni mbali hivyo.

Geti lilikuwa wazi kwao. Achieng aliingia. Nilisikia mashine ikiuma kadi yake. Kisha Musyoka akalirudisha geti taratibu, akaniangalia kupitia kwenye vyuma.

"Madam, wewe nimeambiwa nisifungulie."

"Najua, mzee."

Nikagonga, mara mbili, kwa adabu. Akavuta kitabu, akalowesha kidole, akatafuta ukurasa. Aliandika polepole, herufi kubwa. Alipomaliza akakigeuza nisome.

Hakuwa ameandika saa. Nikamwomba aiongeze. Akatazama mkono wake, akaongeza: saa moja na dakika kumi na mbili.

Nikarudi.